Maisha ya jiji dogo: Arusha inavyowavuta na kuwabana wakazi wake

NI saa moja asubuhi, mwezi wa Julai. Barabara inayoteremka kutoka Sanawari kuelekea katikati ya Jiji la Arusha imefunikwa na ukungu. Watu wanatembea kwa miguu wakiwa wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, mikono wameificha mifukoni. Mlima Meru, ambao kwa kawaida hutawala upande wote wa kaskazini, hauonekani kabisa.

Wamo wanafunzi, wauguzi, mafundi na akina mama waliobeba ndizi na maparachichi kichwani. Wote wanateremka, na wengi wao watafika waendako ndani ya nusu saa bila kupanda chombo chochote.

Saa hiyohiyo, mfanyakazi anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam huenda amekwisha kumaliza saa nzima ndani ya basi, amebanwa na kutoka jasho, na bado hajafika kazini. Huyu wa Sanawari nauli yake iko mfukoni. Akifika mjini ataipeleka kwa mama lishe, anywe chai na chapati mbili.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo jibu la kwanza utakalopewa ukiwauliza wakazi wa Arusha kwa nini hawahamii Dar es Salaam. Lakini si jibu lote, na miaka inavyokwenda linazidi kupungua ukweli.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Jiji la Arusha lilikuwa na wakazi 617,631. Dar es Salaam ilikuwa na wakazi 5,383,728, yaani karibu mara tisa. Kwa kipimo hicho Arusha ni jiji dogo, hata kama vikao vinavyofanyika humo ni vikubwa.

Hata hivyo, takwimu hizo zina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Mwaka 2012, ambao ndio mwaka Arusha ilipozinduliwa rasmi kuwa jiji, sensa ilihesabu humo watu 416,442. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 200,000, sawa na asilimia 48. Dar es Salaam katika kipindi hicho iliongezeka kwa asilimia 23 tu. Kwa uwiano, basi, jiji dogo linakua kwa kasi maradufu ya lile kubwa.

Hali hiyo si ya Arusha peke yake. Takwimu za Umoja wa Mataifa zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa mijini duniani wanaishi katika miji yenye watu wasiozidi 500,000. Jirani zetu wa Kenya waliipa Nakuru hadhi ya jiji mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Kijana anayeacha kijiji chake leo si lazima aishie Dar es Salaam au Nairobi. Pengine safari yake itaishia katika mji wa ukubwa wa kati, na maisha yake yote atayamalizia hapo.

Kwa hiyo swali la maisha yakoje katika jiji dogo si swali la watalii. Na kwa Arusha, jibu lake linazunguka jambo moja: ukaribu. Ukaribu wa kazi na nyumba, wa soko na shamba, wa mtu na mwenzake. Ndio unaowafanya watu waipende Arusha, ndio unaowagharimu, na ndio unaoanza kuponyoka.

Mji ulioanzia kwenye boma

Arusha haikuwekwa mahali ilipo kwa bahati. Mwaka 1900 Wajerumani walijenga boma lao chini ya Mlima Meru, mahali penye mwinuko wa meta 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, penye maji ya mito itokayo mlimani na ubaridi uliowafaa. Boma hilo bado lipo, na siku hizi ni makumbusho. Reli kutoka Moshi ilifika mwaka 1929, na mashamba ya kahawa yakatanda kuuzunguka mji.

Ndiyo maana kitovu cha mji ni kidogo mpaka leo. Kutoka Mnara wa Saa hadi Soko Kuu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na njiani utapita benki, maduka, ofisi za kampuni za utalii na wauza magazeti. Wenyeji hupenda kumwambia mgeni kwamba Mnara wa Saa uko katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Sijakutana na mtu aliyelipima dai hilo, lakini mgeni huwa hakosi kupiga picha.

Mambo makubwa yalikuja yakaukuta mji ukiwa mdogo hivyohivyo. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa na kupitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5 mwaka huo. Mwaka huohuo ilianzishwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, yenye makao makuu hapahapa, ikavunjika mwaka 1977. Majengo yaliyojengwa kwa ajili yake ndiyo yaliyokuja kuwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC.

Agosti 2000, wakati Nelson Mandela akisimamia utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi, Rais wa Marekani wa wakati huo, Bill Clinton, aliifananisha Arusha na Geneva. Sifa hiyo imerudiwa katika hotuba nyingi mno tangu siku hiyo. Vijana wa Ngarenaro na Kijenge wao wanaiita Chuga, na jina hilo ndilo linalotumika vijiweni.

Sokoni na shambani

Faida ya jiji dogo ambayo mkazi huiona kila siku ni chakula. Mteremko wa kusini wa Meru hupata mvua za kutosha, na udongo wake wa volkano una rutuba. Karoti, njegere, viazi, kabichi, ndizi na maparachichi vinavyouzwa Soko Kuu na Kilombero vingi vimetoka mashambani yanayoonekana kwa macho ukiwa umesimama hapohapo sokoni.

Siku za Jumatano na Jumamosi wakazi wengi huelekea Tengeru, mwendo wa kilomita 13 hivi kwa barabara ya Moshi, ambako gulio hujaa mazao tangu alfajiri. Mama mwenye genge Sakina au Mbauda hununua huko, hupanda kifodi, kama wenyeji wanavyoziita daladala zao, na kabla ya saa nne asubuhi bidhaa iko mezani. Hakuna dalali watatu au wanne katikati.

Hata mapishi yanaonyesha jinsi kijiji kilivyo jirani. Katika vibanda vya chakula utakuta machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, na loshoro, chakula cha mahindi au ndizi na maziwa ya mgando kinachopendwa na Waarusha na Wameru. Watumishi wengi wa ofisini, ukiwachunguza, wana ng'ombe mmoja au migomba kadhaa kwa wazazi wao Ilboru, Poli au Akheri. Mshahara ukichelewa hawalali njaa.

Hapo ndipo watu wa mji mkubwa huionea wivu Arusha. Mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya mikoani huuona mgomba wa baba yake mara moja kwa mwaka, Desemba. Wa Arusha huuona Jumapili baada ya ibada.

Maji yenye alama mdomoni

Mlima huohuo unaowalisha watu umewaachia alama. Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya bweni anafahamu kwamba mtu wa Arusha au Meru hutambulika akicheka, kwa meno yake yenye rangi ya kahawia. Wengi wamekulia katika utani huo, na wengi wamejifunza kuweka kiganja mdomoni kabla ya kucheka.

Chanzo chake ni madini ya floridi. Maji yanayopita katika miamba ya volkano huyayeyusha madini hayo, na maeneo mengi yanayouzunguka Meru yana kiwango kikubwa kupita kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kukishusha kiwango hicho.

Madhara humpata mtoto wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi. Yakishaota yana madoa, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyaondoa. Kiwango kikiwa kikubwa sana na mtu akanywa maji hayo kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi nayo huongeza floridi mwilini, jambo ambalo akina mama wengi hawakuwahi kuelezwa.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya wanyama kuchuja maji hayo. Mbinu hiyo inafaa kwa kaya au shule moja moja. Kwa jiji zima ilibidi kutafuta maji mengine, na mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo kwa ajili ya mradi wa maji wa Arusha, ambao gharama yake ilitajwa kuwa Sh520 bilioni. Lengo lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, sehemu ya maji hayo ikivutwa kutoka visima vya wilaya jirani ya Hai, mkoani Kilimanjaro.

Jambo hilo lina somo lake. Jiji lililojengwa chini ya mlima kwa sababu ya maji limefikia mahali pa kuyafuata mkoa wa pili.

Jiji linalosubiri wageni

Kwa mtafutaji wa kazi, udogo wa Arusha una sura nyingine. Viwanda vilivyoajiri wazazi wa kizazi cha sasa vingi vilikufa. Kiwanda cha nguo cha Kiltex kilifungwa. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya mji, kilisimama kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 2000. Baadhi ya mashamba makubwa ya maua ya upande wa Usa River, yaliyowapa kazi akina mama wengi, nayo yalifungwa.

Kilichobaki kikubwa ni utalii, mikutano na biashara ndogondogo. Arusha ndiyo lango la Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Manyara, na makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa yapo hapa. Lakini mgeni huja kwa msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa mwaka, magari ya watalii hupishana barabarani tangu alfajiri. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, magari hayo huegeshwa.

Wanaoguswa si madereva na waongoza watalii peke yao. Mpishi wa kambini, mpagazi wa mlimani, mfuaji wa mashuka ya hoteli, muuza vinyago na mfuga kuku aliyezoea kuuza mayai hotelini, wote hukaa kusubiri. Mwenye duka la mtaani hulijua hilo vizuri kuliko mchumi yeyote, kwa sababu daftari lake la mikopo hunenepa Aprili na kukonda Agosti.

Wapo wanaofaidi kipindi hicho. Arusha ina mafundi waliobobea katika kuyakata magari aina ya Land Cruiser, kuyarefusha na kuyawekea paa la kuinuka ili mtalii aone wanyama. Kazi hiyo, pamoja na matengenezo makubwa, hufanyika wakati magari yamepumzika. Gereji za Unga Limited na Njiro huwa hazilali wakati hoteli zinasinzia.

Udhaifu wa kutegemea wageni ulidhihirika mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa virusi vya corona kutangazwa nchini, Machi mwaka huo, alikuwa msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kupokelewa Arusha. Idadi ya watalii walioingia nchini, iliyokuwa 1,527,230 mwaka 2019, iliporomoka hadi 620,867. Katika jiji lenye watu milioni tano, pigo la namna hiyo kwa sekta moja huumiza baadhi ya mitaa. Arusha liliumiza mitaa yote kwa pamoja, maana karibu kila nyumba ina mtu ambaye riziki yake imefungwa kwenye utalii. Idadi hiyo ilikuja kupanda tena, ikafikia 2,141,895 mwaka 2024, lakini wapo waliouza magari yao kwa bei ya kutupa na hawakurudi tena kwenye kazi hiyo.

Taasisi za kimataifa nazo zimeacha funzo lake. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kuwekwa Arusha, iliwaleta mamia ya wafanyakazi wa mataifa mbalimbali. Wenye nyumba Njiro na kwingineko walizoea kutaja kodi kwa dola. Desemba 31, 2015 Mahakama hiyo ilifungwa, na waliokuwa wakijenga nyumba wakimtazamia mpangaji mgeni walilazimika kuteremka hadi kwenye mfuko wa mpangaji mwenyeji. Iliyobaki ni ofisi ndogo ya taasisi iliyorithi shughuli zake, yenye majengo yake Lakilaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nazo zipo, lakini ajira za huko si za mtu aliyemaliza kidato cha nne Sombetini.

Biashara ya tanzanite ilipata mtikisiko wake mwaka 2021, Serikali ilipoagiza mauzo ya madini hayo yafanyike Mirerani, mkoani Manyara, yanakochimbwa. Kwa watu wa Mirerani hatua hiyo ilikuwa haki yao. Kwa Arusha, ambako mawe hayo yalikuwa yakibadilishana mikono mitaani kwa miongo kadhaa, ilikuwa ni fedha iliyoondoka ghafla, pamoja na wateja wa mama lishe na wapangaji wa vyumba vya ofisi.

Kila mtu anamjua mwenzake

Anayehamia Arusha kutoka mji mkubwa hushangazwa kwanza na jinsi habari zinavyosafiri. Ukigombana na mwenye nyumba wako Kijenge asubuhi, jioni mtu wa Kaloleni atakupa pole. Ukimdhulumu mtu leo, kesho utasimama nyuma yake katika foleni ya benki.

Kufahamiana huko kuna faida yake. Fundi hupatikana kwa kuulizia, si kwa tangazo. Mtoto akionekana mjini saa za masomo, mzazi wake atapigiwa simu kabla ya mchana. Mgeni aliyefiwa hachelewi kuona majirani wakileta viti, sufuria na daftari la rambirambi.

Gharama yake ni kwamba huwezi kujificha. Katika Dar es Salaam mtu anaweza kukwepa michango ya harusi kwa kisingizio cha umbali na foleni. Arusha kisingizio hicho hakipo. Kadi za mchango humfuata mtu ofisini, kanisani, msikitini na kwenye simu yake, na asiyehudhuria misiba ya wenzake anajua nini kitatokea siku msiba utakapokuwa wa kwake. Mwenye mshahara mdogo huweza kukuta robo yake imekwenda kwenye heshima.

Ajira nazo hupita katika njia hiyohiyo. Nafasi katika kampuni ndogo ya utalii mara nyingi hujazwa kabla haijatangazwa, kwa sababu mwenye kampuni ana binamu, na binamu ana rafiki. Kijana asiye na ndugu wa namna hiyo huona mlango umefungwa hata kama ana cheti kizuri. Wengi wa hao ndio wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 600.

Wanamuziki ndio mfano unaofahamika zaidi. Arusha ilitoa X Plastaz, waliounganisha muziki wa kufokafoka na uimbaji wa Kimaasai na kutoa albamu yao ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Ilitoa Nako 2 Nako na Joh Makini. Lahaja ya Chuga ilivuma redioni nchi nzima, lakini redio zenyewe, studio kubwa na wafadhili walikuwa Dar es Salaam, na msanii aliyetaka kula kwa muziki alilazimika kwenda huko.

Hali ni hiyo kwa mgonjwa pia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru, na hospitali nyingine za mjini hutibu maradhi mengi. Tatizo likihitaji bingwa, safari ni ya KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi, au Muhimbili. Katika jiji dogo vitu vya kila siku viko karibu na vitu vya nadra viko mbali, na ugonjwa huwa haumwulizi mtu kama ana nauli.

Mlima juu, korongo chini

Rudi sasa kwenye wale watu 200,000 walioongezeka katika miaka kumi. Wameingia wapi?

Ramani ya Arusha haina nafasi pande zote. Kaskazini ni Mlima Meru, wenye urefu wa meta 4,566, pamoja na msitu na vihamba vya Waarusha na Wameru. Magharibi na mashariki kuna mashamba makubwa ya kahawa, mengine yakianzia palepale nyumba zinapoishia. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, yenye kilomita 14, na ile ya mchepuko ya kilomita 42 zimerahisisha safari, lakini zimevuta pia ujenzi kandokando yake.

Wenye uwezo hujenga juu, kwenye ubaridi na kijani, Ilboru, Sekei au Moivaro. Wenye kipato kidogo husukumwa kusini, Sombetini, Sinoni, Muriet, Kwa Mrombo na Olasiti, ambako ardhi ni kavu, vumbi ni jingi wakati wa kiangazi na viwanja vilikuwa nafuu.

Pande hizo mbili zimeunganishwa na maji. Shamba la migomba na kahawa linapogeuzwa kuwa nyumba yenye paa la bati na ua wa sakafu ya saruji, mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo haina tena pa kuingilia. Inateremka. Inaingia katika mito ya Naura, Themi na mingine inayokatiza mjini, kisha inamwagika katika makorongo ya kusini, ambako watu wamejenga kwa sababu ndiko walikoweza kununua.

Aprili 2024, wakati wa mvua kubwa, basi dogo lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko katika korongo upande wa kusini mwa Jiji, na watoto kadhaa walipoteza maisha wakiwa njiani kwenda shule. Kwa siku nyingi jiji zima lilizungumza jambo hilo tu, kwa sauti ya chini, na kila mtu alimjua mtu aliyemjua mzazi mmoja.

Yapo yaliyozungumzwa baada ya hapo kuhusu madereva, madaraja na vivuko, na ni sawa yazungumzwe. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mazungumzo hayo yalipaswa pia kupanda mlimani. Anayepitisha ramani ya jumba Ilboru anaamua kiasi fulani cha maji yatakayopita Muriet, ingawa ofisi huliangalia kila faili peke yake.

Jambo hilo ni zito kwa sababu ardhi ya Meru haijawahi kuwa suala jepesi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko ya watu wake, tukio linalohesabiwa miongoni mwa hatua za awali za kudai uhuru wa Tanganyika. Wajukuu wa kizazi hicho ndio wanaouza leo, hakuna aliyewashikia bunduki.

Hesabu yao inaeleweka. Baba alirithi ekari mbili, akazaa wavulana watano. Ekari mbili zikigawanywa kwa watano hazimtoshi yeyote kulima kahawa, lakini zinatosha kukatwa viwanja vya ishirini kwa ishirini. Mmoja akiuza, jirani anayebaki analima katikati ya kuta za watu asiowajua, maji ya mfereji hayamfikii tena, na migomba yake huibwa usiku. Baada ya miaka michache naye anamwita dalali.

Fedha hizo hununua bodaboda tatu, au bati za nyumba, au ada ya chuo. Mara chache hununua shamba lingine, kwa sababu shamba lingine haliko karibu tena. Linatafutwa mbali, nje kabisa ya Arumeru, na huyo aliyekuwa akiona mgomba wa baba yake kila Jumapili ataanza kuuona kwa likizo, kama ndugu zake wa Dar es Salaam.

Jioni ukungu ukiondoka, Meru hujitokeza wote, kuanzia msituni hadi kileleni, na wanaopandisha Sanawari wakirudi makwao huwa na mlima mbele yao njia nzima. Vifodi vya mwisho hupungua mapema na baridi huwafukuza watu vijiweni. Kwenye barabara ya vumbi inayopanda Ilboru, nyumba hadi nyumba, utasoma maandishi yaliyopigwa kwa rangi nyekundu ukutani au kwenye kipande cha bati kilichopigiliwa mtini: "Eneo hili haliuzwi." Hatua chache mbele, kwenye bati la ukubwa uleule, kuna namba ya simu ya dalali.